Vipimo vya haiba kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii: kipi kinastahili bando lako

Zoezi la kujitambua mara nyingi huenda hivi. Mwalimu anasema kila mtu afanye kipimo cha haiba mtandaoni, aandike kurasa mbili, alete Ijumaa. Darasa linafungua kinachotokea juu kabisa kwenye Google, linakijaza ndani ya daladala, linarudi na herufi nne za aina ya haiba. Ijumaa zinakusanywa insha lukuki zinazosema "mimi ni mtu wa watu". Alama zinatolewa, na yule anayepandwa na hasira upesi anaingia fildi hivyohivyo, hajijui.

Si kwamba vipimo vyote ni bure kabisa. Vipo vinavyopima kitu cha kweli, vipo vinavyosifia tu, na kimoja kati ya vizuri zaidi hakihitaji hata intaneti. Tumevipima vyote kwa swali moja: mtu anayekwenda kukaa uso kwa uso na mteja mwenye shida, je, atatoka na jambo la kupeleka kwa msimamizi wake? Vyote vilivyomo hapa vinapatikana bila kulipa.

16Personalities: sura nzuri, sanduku bovu

Hiki ndicho ambacho kila mtu amekwishakifanya. Ni cha kampuni ya NERIS Analytics ya Cambridge, Uingereza. Kina maswali 60, kila swali lina viduara saba kutoka kukubali hadi kukataa, na dakika kumi na kitu umemaliza. Kinafunguka vizuri kwenye simu, michoro yake inavutia, na ripoti ya bure ni ndefu. Kwa urahisi wa kutumia hakina mpinzani katika orodha hii.

Kwanza, kosa dogo linalojaa kwenye insha: ukikifanya usiandike "nimefanya MBTI". MBTI ni kipimo kingine, cha kulipia, kilichotungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung ya mwaka 1921. 16Personalities imeazima herufi zake, ikaongeza ya tano, A au T.

Kosa kubwa liko kwenye kukata katikati. Chukua wanafunzi watatu. Asha amepata asilimia 52 upande wa ukimya, Juma 48, Neema 95. Asha na Juma wanafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini mmoja anapewa I (mkimya) na mwingine E (mchangamfu), na ripoti zao zinasoma kama za watu wa sayari mbili. Asha na Neema, walio mbali kama Tanga na Kigoma, wanapewa herufi moja. Asha akirudia baada ya wiki tatu, siku aliyolala vizuri, herufi inageuka. Watu wengi huangukia karibu na katikati, ndiyo maana wengi "hubadilika haiba" kila wakirudia. Ukilazimika kukitumia, tupa herufi, bakiza asilimia.

Halafu kuna ladha ya ripoti yenyewe. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha kila mmoja akapewa "matokeo yake". Walitakiwa wapime usahihi wake kuanzia 0 hadi 5, na wastani ukawa 4.26. Wote walikuwa wamepewa karatasi moja, maneno yaleyale, mengi yametolewa kwenye kitabu cha nyota. Jaribio hilo linarudiwa darasani kirahisi: chapisha ripoti nne za herufi tofauti, futa majina na herufi, mwambie kila mwanafunzi achague iliyo yake. Wakishindwa kuzitofautisha, mjadala wa siku hiyo umejiandaa wenyewe.

Jambo ambalo halifai hata kidogo ni kugawa vituo vya fildi kwa herufi: wachangamfu hospitalini, wakimya ofisini. Hata wenye MBTI rasmi wanakataza kipimo chao kutumika kuchagua watu wa kazi.

IPIP-NEO ya maswali 120: hiki ndicho cha kuanzia

Sura yake ni ya tovuti za zamani, maandishi matupu, na hiyo ni faida: inafunguka hata pale mtandao unaposuasua. Imetengenezwa na John A. Johnson wa chuo kikuu cha Penn State, kwa maswali ya hazina ya IPIP iliyoanzishwa na Lewis Goldberg. Maswali hayo ni mali ya umma, yeyote anaruhusiwa kuyatumia. Kuna toleo la maswali 300 na la 120. Chukua la 120. La 300 linachosha, na mtu akichoka huanza kubofya katikati ili amalize. Tenga dakika 20 za utulivu. Usifunge ukurasa kabla hujamaliza, na ripoti ikitokea ihifadhi palepale kama PDF.

Kinapima sifa kuu tano: uchangamfu, upatanifu, uwajibikaji, wepesi wa kuvurugika kihisia, na uwazi wa mawazo. Kila sifa imegawanywa vipengele sita, kwa hiyo unapata namba 30, si herufi nne. Namba ni za pasentaili: ukipata 70, umewazidi watu 70 kati ya 100 wa jinsi yako na rika lako waliokijaza. Asilimia 30 ya chini wanaitwa wa chini, 40 ya kati ni wastani, 30 ya juu ni wa juu. Maswali hayohayo 120 yapo pia kwenye bigfive-test.com, kwa sura ya kisasa. Huko unapewa alama ghafi: kila kipengele kina maswali manne, alama 4 hadi 20, kila sifa ina maswali 24, alama 24 hadi 120. Angalia usichanganye. Kumi na nne kwa huyu na pasentaili ya 14 kwa yule ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wanafunzi hukimbilia kuangalia upatanifu, kwa sababu hapo ndipo penye huruma. Ndipo pasipo na faida. Kipengele cha sita cha upatanifu kinauliza, kwa maneno mengine, kama unawahurumia wasio na makazi, na kama unajitahidi usiwafikirie wahitaji. Ni mwanafunzi gani wa ustawi wa jamii atakayejibu kwamba matatizo ya watu hayamhusu, huku insha inakusanywa na mwalimu? Darasa zima hupanda juu na namba haitofautishi mtu na mtu. Kipengele cha nne ni hivyohivyo: maswali yake yote manne yanauliza kama unapenda ugomvi, unafokea watu, unawatukana, unalipiza. Kila jibu la "hapana" linakupandisha.

Faida iko pale ambapo mtu hana sababu ya kujipamba. Kipengele cha pili cha uwajibikaji kinauliza kuhusu kupanga vitu: unapenda kusafisha, unasahau kurudisha vitu mahali pake, chumba chako ni vurugu, vitu vyako vimezagaa. Hayo watu huyajibu kwa ukweli huku wakicheka. Lakini ukiwa na alama 6 kati ya 20 hapo, picha ya faili la mteja wako wa kumi na mbili iko wazi: tarehe ya ziara haipo, namba ya simu ya shangazi iko nyuma ya risiti, na barua ya rufaa imebaki kwenye begi. Hilo linatibika. Andika maelezo ya kesi siku hiyohiyo kabla ya kuondoka kituoni, dakika 15, na mwombe msimamizi akague mafaili mawili kila Ijumaa.

Cha pili cha kutazama ni kipengele cha tatu cha uchangamfu, kile cha kushika usukani. Kinauliza kama unachukua uongozi, unajaribu kuwaongoza wengine, unadhibiti mambo, au unasubiri wengine waanze. Mtu mcheshi mno anaweza kuwa chini kabisa hapa, ndiyo maana jumla ya sifa peke yake inadanganya. Mwanafunzi mwenye 7 kati ya 20 mweke kwenye kikao cha mtoto aliyepigwa: yupo polisi wa dawati, yupo mwalimu mkuu, yupo mtendaji wa kijiji, na yeye ndiye aliyezungumza na mtoto. Ana taarifa ambayo hakuna mwingine anayo, naye anasubiri aulizwe. Msimamizi akilijua hili mapema, anampa kazi ya kufungua kikao kwa kusoma taarifa fupi aliyoiandika. Halazimiki tena kutafuta mwanya wa kusema.

Cha tatu cha kutazama ni kipengele cha sita chini ya kuvurugika kihisia, kinachouliza kama unapatwa na kiwewe haraka au unabaki mtulivu mambo yakizidi. Kisome pamoja na kipengele cha pili cha sifa hiyohiyo, cha hasira. Wanaokumbuka kanuni 7 za Felix Biestek za mwaka 1957, za uhusiano wa mhudumu na mteja, wataona hapa ndipo inapokaa ile ya kushiriki hisia za mteja kwa kiasi. Aliye juu kwenye kiwewe asianze na zamu za dharura wiki ya kwanza; aanze kwa kukaa pembeni mwa mzoefu.

Sasa kasoro zake. Kipengele cha sita cha uwazi wa mawazo kinauliza kama huwa unawapigia kura wagombea wa mrengo wa kiliberali au wa kihafidhina. Swali hilo ni la siasa za Marekani. Kwa mpiga kura wa Mbeya au Kisumu halina pa kushika. Chagua jibu la katikati, kisha puuza namba ya kipengele hicho, na ujue imeivuta pia jumla ya sifa nzima. Maswali ya "kupenda sherehe kubwa" nayo yana utata: kwetu kwenda harusi ya watu 400 ni wajibu wa ukoo, si dalili ya uchangamfu.

Kuna na hili la lugha. Maswali mengi yamepinduliwa makusudi ili kumnasa anayekubali kila kitu, na ukiyatafsiri kwa Kiswahili kiholela unapata ukanushi juu ya ukanushi: "Mimi si mtu nisiyejali." Mtu akijibu ndiyo, amekubali nini? Ukitafsiri kwa ajili ya darasa, geuza iwe sentensi ya kawaida ("Huwa najali"), kisha mpe mwenzako asiyejua asili airudishe kwenye Kiingereza. Zisipolingana, rekebisha. Na usimsomee mtu maswali kwa sauti. Utafiti wa Laajaj na wenzake, uliochapishwa 2019 katika jarida la Science Advances kwa takwimu za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, ulionyesha kwamba maswali ya sifa kuu tano yalishindwa kujipanga inavyotarajiwa pale watu walipohojiwa ana kwa ana. Tabia ya kukubalikubali ni sababu mojawapo. Waliojijazia wenyewe kwenye intaneti, hali ilikuwa afadhali. Kila mtu na simu yake, basi, na jirani asichungulie.

Masanduku matano yenyewe, yaani zile sifa kuu tano, si msahafu. Watafiti waliokusanya maneno ya Kimaa, lugha ya Wamasai, ya kuelezea watu, Kenya na Tanzania, wakachapisha mwaka 2020, hawakukuta masanduku yaleyale.

HEXACO na VIA, kwa kifupi

HEXACO ya Kibeom Lee na Michael Ashton wa Kanada inaongeza sifa ya sita: uaminifu na unyenyekevu, yenye vipengele vinne, yaani ukweli, haki, kutokuwa na tamaa, na kutojikweza. Kwa kazi yenye posho, misaada ya chakula na sahihi za wazee wasiojua kusoma, sifa hiyo ina maana. Tatizo ni lilelile: anayepanga kudanganya hatasema. Kwa kujisomea peke yako, bila kumwonyesha mtu, ni kizuri kuliko kinavyojulikana. Angalizo moja tu: hapa hasira haimo kwenye mhemko, sifa inayokaribiana na kuvurugika kihisia, imewekwa chini ya upatanifu, kwa hiyo usilinganishe moja kwa moja na IPIP-NEO.

VIA inapanga nguvu 24 za tabia kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Inataka ujisajili, na inasema mazuri tu. Ni nzuri kwa kumfariji aliyefeli mtihani. Kwa zoezi la kujitambua ni chai isiyo na majani.

Dirisha la Johari: karatasi na kalamu

Jina linamfanya Mswahili afikirie vito, lakini limetokana na majina ya waanzilishi wake, Joseph Luft na Harrington Ingham, walioliunda mwaka 1955 huko Marekani. Ni vyumba vinne: yale unayoyajua na wenzako wanayajua, yale wenzako wanayaona na wewe huyaoni, yale unayoyajua na umeyaficha, na yale ambayo hakuna anayeyajua. Kwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii chumba cha pili ndicho chenye thamani, na hakuna kipimo kingine katika orodha hii kinachokifikia, kwa sababu vyote vinakuuliza wewe.

Kundi liwe la watu watano au sita waliokaa pamoja angalau muhula mmoja. Kila mtu anachagua maneno sita yanayomweleza yeye, na maneno sita kwa kila mwenzake, kutoka orodha moja. Neno mlilolichagua wote linaingia chumba cha kwanza, la wenzako peke yao cha pili, la kwako peke yako cha tatu, lililobaki cha nne. Saa moja na nusu inatosha.

Linaharibika kwa mambo mawili. La kwanza ni orodha: ile iliyozoeleka imejaa sifa za kupendeza, na darasa linageuka kikao cha kupongezana. Tengenezeni yenu ya maneno 40, nusu yake yawe na makali bila matusi: msikivu, mvumilivu, mcheshi, mtulivu, lakini pia mkaidi, mwepesi wa kuhukumu, mkatishaji maneno, mzito wa kuomba msaada, mwahirishaji. Sharti liwe kwamba kati ya maneno sita unayompa mwenzako, mawili yatoke upande wenye makali.

La pili ni heshima. Kwenye madarasa yetu wamo vijana wa miaka 19 na wamo wazazi walioacha kazi kurudi kusoma. Hakuna kijana atakayemwambia mama wa miaka 45 kwamba hukatisha watu maneno. Kwa hiyo: vikaratasi vidogo, herufi kubwa, kalamu za wino mmoja, mtu mmoja wa nje anakusanya na kuhesabu. Neno likitajwa na mmoja tu lisisomwe, kwa maana linamfichua mwandishi na huenda ni kisasi. Likitajwa na watatu, lipelekwe kwa mhusika kwenye karatasi iliyokunjwa. Kulisoma mbele ya wote kutavunja urafiki.

ProQOL: si haiba, lakini usiiache

Hii haipimi ulivyo, inapima kazi inavyokufanya. Toleo la 5 la Beth Hudnall Stamm, la mwaka 2009, lina sentensi 30, kila moja inajibiwa 1 hadi 5 kwa kuangalia siku 30 zilizopita. Inatoa alama tatu: kuridhika na kazi ya kusaidia, kuchoshwa na kazi, na kuumia kwa machungu ya wengine. Kila moja ina sentensi 10. Alama 22 kushuka ni chini, 23 hadi 41 wastani, 42 kwenda juu ni juu. Unaruhusiwa kuinakili bure mradi utaje mwandishi, usibadilishe kitu, usiiuze.

Ifanywe mwisho wa wiki ya nne ya fildi, si kabla. Asiyewahi kukaa na mteja hana siku 30 za kuangalia.

Kosa linalorudiwa na karibu kila anayejikokotolea ni kusahau kugeuza. Kwenye kuchoshwa na kazi, sentensi ya 1, 4, 15, 17 na 29 zinageuzwa: 5 inakuwa 1, 4 inakuwa 2, 3 inabaki. Miongoni mwa hizo tano ni ya furaha, ya kuwa karibu na watu, na ya imani inayokushikilia. Mwanafunzi aliyejibu 5 kwa zote tano, na 2 kwa zile tano nyingine za kundi hilo, alama yake sahihi ni 5 na 10, jumla 15, yaani chini. Akisahau kugeuza anapata 25 na 10, jumla 35, ambayo ni wastani wa kutia shaka. Ametishwa bure. Tena, sentensi ya imani inayokushikilia haitaeleza mengi mahali ambapo karibu kila mtu atajibu 5, awe wa msikitini au wa kanisani.

Alama ya tatu, ya kuumia kwa machungu ya wengine, ikifika 42 ipelekwe kwa msimamizi wiki hiyohiyo. Si kwa insha. Kwa mazungumzo, pamoja na usingizi unavyokwenda na kesi gani inayorudi kichwani usiku.

Matokeo yanakaa wapi

Kwenye bigfive-test.com ukimaliza unapewa kiungo na namba ya utambulisho. Mwenye namba hiyo anafungua matokeo yako. Ukipiga skrinshoti, ikate namba kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kwa chuo kinachokusanya matokeo ya darasa zima kwenye jedwali moja, tayari kinashika taarifa binafsi: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019. Njia nyepesi ni mwanafunzi abaki na ripoti, mwalimu apokee ukurasa mmoja tu: kipengele kimoja alichokichagua mwenyewe, tukio moja la fildi ambapo kilionekana, na hatua aliyokubaliana na msimamizi, pamoja na tarehe ya kuikagua.